Uliza Ujibiwe: Roboti, robota na shokoa

Safari hii safu nzima tumeiachia neno moja.

Ndugu Mhariri, huku kwetu pamba ikishachambuliwa hufungwa marobota. Mwanangu wa sekondari ananiambia roboti limetokana na robota, eti kwa sababu roboti wa kwanza walitengenezwa kubeba mizigo. Amelisoma kwenye simu. Ni kweli?
*Msomaji, Shinyanga*

Si kweli, ingawa kijana hakubahatisha tu. Neno robota limo kweli ndani ya historia ya roboti. Ila si robota hilo lenu.

Robota la pamba au la katani ni mzigo uliobanwa kwa mashine na kufungwa waya au mikanda usifumuke. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu: rabta, yaani kitu kilichofungwa pamoja, lenye mzizi wa konsonanti tatu, r-b-t, ambao maana yake ni kufunga. Rabat, mji mkuu wa Moroko, umezaliwa na mzizi huohuo kupitia neno ribat, ngome. Kiswahili kikalegeza fundo la konsonanti kwa kutia irabu katikati, kama kilivyofanya waqt ikawa wakati, na rizq ikawa riziki.

Robota la pili ni la Kicheki, lugha ya Prague. Maana yake ni kazi ya lazima aliyoifanya mkulima kwenye shamba la bwana mwenye ardhi. Hilo ndilo lililozaa roboti, na tutalirudia katika barua inayofuata. Mizizi ya maneno hayo mawili haikutani popote.

Ushahidi mzuri uko kwa Waarabu wenyewe, maana leo wanayo yote mawili. Mzigo uliofungwa huandikwa kwa herufi ط, ile t nzito. Roboti, ambaye kwao ni rubut, huandikwa kwa ت, t nyepesi, kama wanavyoandika maneno mengi ya kigeni. Kama lingekuwa neno lao lililokwenda Ulaya likarudi, wangelitambua.

Mwambie kijana kwamba dai la asili ya neno hupimwa kwa maswali matatu. Kwanza, maandishi ya zamani kabisa yenye neno hilo ni ya mwaka gani, na ya lugha gani? Roboti kwa maana ya leo limetokea mara ya kwanza katika tamthilia ya Kicheki iliyochapishwa mwaka 1920. Pili, lilipita njia gani? Mwandishi wa Prague angelipataje neno la wafanyakazi wa pamba wa Usukumani? Tatu, lina ndugu gani katika lugha linakodaiwa kutoka? Robota la Kicheki lina ukoo mzima katika Kipolandi, Kislovakia na Kirusi. Maelezo mengi ya mitandaoni huanguka kwenye swali la pili, kwa sababu mtu akiona sura mbili zimefanana haulizi tena njia.

Ndugu Mhariri, kitabu kimoja kinasema robot maana yake ni mtumwa, kingine kinasema ni kazi. Kipi sahihi? Tena aliyelibuni ni nani hasa?
*Msomaji, Nairobi*

Tuanze na mbunifu, maana hapo ndipo vitabu vingi vinapokosea. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, ndiye aliyeandika tamthilia ya R.U.R. (kifupi cha Roboti wa Rossum wa Kazi Zote), na dunia imempa yeye sifa ya neno. Mwenyewe aliikataa. Tarehe 24 Desemba 1933, katika gazeti la Lidové noviny, alieleza kwamba neno lilitoka kwa kaka yake, Josef, aliyekuwa mchoraji. Karel alikuwa na hadithi ya vibarua waliotengenezwa kiwandani lakini hajajua awaite nani. Alifikiria kuunda jina kutokana na neno la Kilatini labor, kazi, akaliona la kitabuni mno. Akamfuata kaka yake, akamkuta mbele ya turubai lake, brashi mdomoni. Josef akamjibu hivyohivyo, brashi haijatoka mdomoni: basi waite roboti. Akaendelea kuchora.

Kitabu kilitoka mwaka 1920. Jumba la Taifa la Maigizo mjini Prague liliuonyesha mchezo huo tarehe 25 Januari 1921. Oktoba 1922 ulikuwa New York, mwaka 1923 London, na neno likasafiri nao bila kutafsiriwa. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Mfasiri angeweza kutafuta neno la Kiingereza la mtumishi au la mtwana, na leo tungekuwa tunasema kitu kingine kabisa.

Sasa maana. Vitabu vyako viwili vimeshika kila kimoja upande wake. Kicheki kwa kazi ya kawaida husema práce. Robota ni kazi ya kulazimishwa. Kwa jirani zao wa Slovakia na Poland, robota ni kazi tu, hata ya mshahara, na mfanyakazi wa kiwandani kwa Kipolandi ni robotnik. Warusi wana rabota, kazi, na pembeni yake rab, mtumwa. Mzizi wa zamani wa Kislavi, ukoo wa lugha hizo zote, ulikuwa upande wa utumwa. Karne zilivyopita, lugha moja ikaulainisha, nyingine ikaubakiza na ukali wake. Anayeandika "robot ni kazi" amesoma kamusi ya Kipolandi. Anayeandika "ni mtumwa" amekwenda kwenye mzizi. Mcheki aliyekaa ukumbini mwaka 1921 hakusikia lolote kati ya hayo mawili. Alisikia robota, na robota ilikuwa na sheria zake.

Katika milki ya Habsburg, ukoo uliotawala Austria na nchi ya Wacheki, mkulima alikaa kwenye ardhi ya bwana na kuilipia kwa siku zake za kazi. Aliyekuwa na ng'ombe au farasi wa kukokota alikwenda nao, asiye nao alikwenda na mikono yake. Ubaya wa mpango huo ulionekana wazi wakati wa mavuno. Shamba la bwana na la mkulima huiva wiki moja, na la bwana ndilo linalotangulia. Wanyama hurudi wamechoka, mvua inaikuta nafaka ya mkulima bado shambani. Na kwa kuwa siku zinahesabiwa lakini kazi haipimwi, watu walijifunza kuburuza miguu. Mwanzoni mwa mwaka 1775 wakulima wa kaskazini-mashariki ya Bohemia, nchi hiyo ya Wacheki, waliasi. Uasi ulizimwa na jeshi, lakini Agosti mwaka huohuo Malkia Maria Theresia alitoa amri iliyoweka kikomo: hata mkulima mwenye mzigo mkubwa kuliko wote asidaiwe zaidi ya siku 3 kwa wiki. Mwaka 1781 mwanawe, Joseph II, aliwaruhusu kuoa, kuhama na kujifunza ufundi bila ruhusa ya bwana. Siku za robota zenyewe zilibaki. Zilifutwa mwaka 1848, baada ya mbunge kijana, Hans Kudlich, kupeleka hoja bungeni Vienna.

Josef Čapek alizaliwa mwaka 1887 katika sehemu hiyohiyo ya kaskazini-mashariki, na Karel mwaka 1890. Kwa hiyo robota kwao halikuwa neno la makumbusho. Babu na bibi wa rika lao waliifahamu. Tena neno robot lenyewe, bila a ya mwisho, lilikuwapo katika Kijerumani cha Austria kwa maana ya kazi hiyo ya lazima, na Waingereza walioandika habari za nchi hizo katika karne ya 19 walilitumia vilevile. Alichofanya Josef ni kulitoa neno kwenye kazi na kumvika mfanyakazi.

Kwa Kiswahili, neno la karibu kabisa na robota si utumwa. Ni shokoa: kazi ya kushurutishwa, unaitwa na mwenye nguvu, unakwenda na jembe lako, jioni unarudi kwako mikono mitupu. Siku hizi wengi hawalijui, na ni hasara, kwa sababu lugha yetu haina neno jingine fupi linalotenganisha hali hiyo na utumwa wa kununuliwa. Na ujanja wa Josef, wa kumwita mtu kwa jina la mpango unaomfanyisha kazi, hata Waswahili wanao. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akidaie malipo. Karatasi ikageuka kuwa mtu. Manamba wa mashamba ya katani waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizoandikishiwa. Čapek angekuwa ameishi Tanga, mchezo wake ungeitwa Manamba, na leo viwanda vya magari vya Japani vingekuwa vimejaa manamba.

Je, ni kweli roboti wa kwanza hawakuwa wa chuma?
*Msomaji, Arusha*

Kweli kabisa. Katika R.U.R. hakuna bati wala skrubu mwilini mwao. Mzee Rossum, ambaye jina lake limetoka kwenye rozum, akili kwa Kicheki, anagundua dutu inayoishi kama chembe hai lakini kwa kemia nyingine. Kiwandani kuna mapipa ya kukorogea unga wa maini na ubongo, na mitambo ya kusokota neva na mishipa ya damu kama nyuzi. Wakishaunganishwa wanakuwa na ngozi, wanazungumza, huwezi kuwatambua kwa macho. Kilichopunguzwa ni kila kisichosaidia kazi: hawapendi, hawaogopi, hawana hamu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, picha iliyo karibu si mashine. Ni msukule wa masimulizi yetu, au ndondocha, anayelima usiku shamba la mwingine bila kuuliza. Tofauti ni kwamba msukule amechukuliwa kutoka kwa watu, na roboti wa Čapek hakuwahi kuwa mtu. Mwishoni wanaasi na kuua watu wote isipokuwa mmoja, Alquist, ambaye wanamwacha kwa sababu naye hufanya kazi kwa mikono.

Sura ya bati ilikuja haraka. Mwaka 1928 Waingereza walitengeneza sanamu ya alumini iliyoitwa Eric kwa ajili ya maonyesho ya ufundi London. Iliinuka, ikainamisha kichwa na kutoa hotuba, na kifuani iliandikwa R.U.R. Mwaka 1939 New York ikamwona Elektro wa kampuni ya Westinghouse, mwenye urefu wa mita 2 na zaidi, aliyezungumza kwa sahani za santuri na kuvuta sigara. Mashine za maonyesho ndizo zilizopigwa picha, na picha ikashinda maandishi. Čapek alilalamika gazetini mwaka 1935 kwamba watu wake wamegeuzwa mabati. Wakati huo alikuwa amekwisha chelewa.

Ninafundisha Kiswahili. Wanafunzi wananiandikia roboti huyu, roboti hii na roboti hili katika insha moja. Nisahihishe nini?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, sahihisha kuchanganya, usisahihishe chaguo. Na ukitaka kuwaeleza sababu, waonyeshe kifaru.

Kifaru mwenye pembe: kifaru amekufa, vifaru wamehamishwa. Kifaru cha vita: kifaru kimelipuliwa, vifaru vimevuka mto. Neno ni lilelile, lakini upatanisho unafuata kama kinachotajwa kina uhai au hakina. Hakuna Mswahili anayesema kifaru cha jeshi "amevuka mto", labda kwa mzaha. Roboti lina tatizo hilohilo, ila lenyewe halikai upande mmoja wa mto. Kwa hiyo mwandishi ndiye wa kuamua.

Kanuni tunayoishauri ni hii. Andiko likiwa la ufundi, mkono wa kuchomelea, mashine ya kupanga makasha, chombo cha kufagia sakafu, tumia I-/ZI-: roboti hii imeharibika, roboti zimeagizwa. Hiyo ndiyo njia ya maneno mengi ya mashine yaliyotoka nje, kama televisheni, kompyuta na injini. Andiko likiwa la hadithi, au roboti akiwa na jina, anasema, anajibu, tumia A-/WA-: roboti huyu amekataa, roboti wameasi. Mwaka 2021 Kenya ilipopokea roboti watatu wa kusaidia kupambana na korona, walipewa majina Jasiri, Shujaa na Tumaini. Ukishamwita kitu Jasiri, "imeharibika" inagoma kutoka mdomoni. LI-/YA- (roboti hili, maroboti haya) si kosa la kumnyima mtoto alama, lakini linaongeza ukubwa au kutisha. Lifae lile dude la filamu linalokanyaga majumba. Kwa mashine ya kawaida linasikika kama dharau.

Makosa hutokea hasa katika sentensi ndefu. Mwanafunzi anaanza vizuri, "roboti hii ilitengenezwa mwaka jana", anafika kwenye kitenzi cha akili na mkono unateleza: "na ikifika mlangoni *anasema* karibu". Mpe zoezi la kupigia mstari kila kiambishi cha roboti katika aya, kisha avihesabu. Vikiwa vya aina mbili, achague moja na kuandika upya. Isipokuwa kama mabadiliko ni ya makusudi, kwa mfano katika hadithi ambamo mashine inaamka na kuwa mtu. Hapo kiambishi kinaweza kufanya kazi ya aya nzima, na mwanafunzi wa namna hiyo mpe alama ya ziada.

Itawafurahisha kujua kwamba Wacheki wanahangaika vilevile. Lugha yao nayo hutenganisha chenye uhai na kisicho nao, na wingi wa robot una sura mbili: roboti kwa walio kama watu, roboty kwa vyombo kama mashine za jikoni. Čapek aliandika roboti. Kwa hiyo ile i yetu ya mwisho imeangukia kwenye wingi wake kwa bahati tu. Sisi tuliitia kwa sababu neno letu halipendi kuishia na t: shati, tiketi, roketi, roboti.

Matamshi: mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ro-BO-ti. Wao mkazo wao ni wa silabi ya kwanza, RO-bot, na o zote mbili fupi.

Mimi ni dereva wa malori ya masafa. Nikifika Afrika Kusini naambiwa "kata kushoto kwenye roboti". Roboti sikuwahi kuiona.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Umeiona mara nyingi, tena pengine umeipita ikiwa nyekundu. Huko robot ni mataa ya barabarani, na utalisikia pia Zimbabwe, Botswana na Namibia. Kabla ya mataa, katikati ya njia panda alisimama askari anayenyoosha mikono. Taa za kujiendesha zilipoanza kuenea, neno robot lilikuwa jipya na linavuma, na Waingereza wa miaka ya 1930 wakaliita hivyo lile nguzo lililomtoa askari kazini. Uingereza ikalisahau, kusini mwa Afrika ikalibakiza. Ukisikia "robot imekufa", usitafute maiti: taa zimezimika, na njia panda hiyo inapitwa kama yenye alama ya kusimama kila upande. Anayefika kwanza na kusimama ndiye anayetangulia.

Ajabu ni kwamba Kongo imeligeuza neno hilo mviringo mzima. Tangu mwaka 2013 Kinshasa imeweka kwenye njia panda roboti halisi wa kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Ni watu wa alumini, warefu kuliko mtu, wanaotumia umeme wa jua. Wana kamera, mikono inayoinuka, kifua kinachogeuka na taa nyekundu na kijani. Yaani robot lililomwondoa askari limerudishiwa kiwiliwili cha askari.

Na kwa wasomaji wetu wa Bujumbura na Lubumbashi walioshangaa kuona "robot" kwenye boksi la duka la vyombo: hapo Kifaransa kinamaanisha mashine ya jikoni ya kukatia, kusagia na kukandia unga. Usiilipie bei ya akili. Ni mota, bakuli na visu vya kubadilisha.

Bot, droni, saibogi, androidi: yote ni roboti?
*Msomaji, Kampala*

Hapana, na bora yasichanganywe.

Androidi limetoka Kigiriki, mwenye umbo la mwanamume, na ni kongwe kuliko roboti kwa karibu miaka 200. Saibogi ni la mwaka 1960, lililoundwa na Manfred Clynes na Nathan Kline walipokuwa wakijadili jinsi ya kumwezesha mwanadamu kuishi anga za juu. Huyo ni mtu aliyeungwa na vyombo, kwa hiyo si roboti hata kidogo. Droni kwa Kiingereza ni nyuki dume. Chombo kinachorushwa na mtu mwenye rimoti, kikimtii kila kidole, hakifiki kwenye uroboti mpaka kiweze kuamua jambo chenyewe, kama kukwepa nguzo au kurudi kilipotoka betri ikipungua.

Bot ni kipande kilichokatwa kutoka robot. Hakina mwili. Ni programu inayofanya kazi ya kurudiarudia: kujibu ujumbe, kununua tiketi, kutembelea kurasa za intaneti na kuziandika kwenye faharasa. Mwenye tovuti anaweza kuzungumza na bot za kundi hilo la mwisho kwa faili dogo la maandishi liitwalo robots.txt, utaratibu ulioanzishwa na Martijn Koster mwaka 1994. Makosa matatu hulifanya lisisaidie. La kwanza ni kuliweka ndani ya folda. Lazima likae kwenye mzizi wa tovuti, mara tu baada ya jina la kikoa, kwa herufi ndogo tupu. La pili ni kudhani ni kufuli. Ni ombi: bot yenye adabu inalifuata, ya mwizi inalipuuza. La tatu ndilo baya zaidi. Watu huorodhesha humo folda za siri wasizotaka zionekane, wakati faili hilo anaweza kulifungua mtu yeyote. Umebandika mlangoni orodha ya mahali ulipoficha fedha. Cha siri kiwekee nywila.

Kwa nini tusiwe na neno letu wenyewe? Mimi napendekeza "mtumashine".
*Msomaji, Mombasa*

Pendekezo lina wenzake. Waarabu, pamoja na rubut, husema insan ali, na Mswahili halihitaji mkalimani: insani ni binadamu, na ali limetoka kwenye ala, chombo. Wachina husema jiqiren, mashine-mtu. Waaislandi, wasiopenda maneno ya kukopa, wana vélmenni, na maana yake ni hiyohiyo. Kwa hiyo umefikiri kama mataifa makubwa na madogo.

Kasoro yake iko kwenye "mtu". Mwaka 1961 kiwanda cha General Motors huko New Jersey kilifunga Unimate, roboti wa kwanza wa viwandani, aliyetokana na hataza aliyoiomba George Devol mwaka 1954 na kufanyiwa biashara na Joseph Engelberger. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kusubu na kuvipanga, kazi iliyounguza watu na kuwavutisha moshi. Alikuwa na uzito wa karibu tani 2. Hakuwa na kichwa, macho wala miguu. Alikuwa mkono mmoja juu ya sanduku, na mpangilio wa miondoko yake ulihifadhiwa kwenye ngoma ya sumaku. Ukitaka kazi nyingine, unabadilisha mpangilio, mkono unabaki uleule, na hilo ndilo lililomtofautisha na mashine zote za kiwanda kile. Roboti wengi wa viwandani leo bado ni wa ukoo wake: mikono iliyofungwa sakafuni kwa bolti. Fundi atakayeandika "mtumashine amekatika mkono" atamwacha mwenzake akitafuta mwili uliobaki.